Shemeji Yangu Aliyekwenda Seloni

Shemeji yangu Obiero alikuwa na pua. Sisemi kubwa, ingawa nayo haikuwa ndogo; nasema pua inayojua kazi. Kiwandani, majani ya chai yakishanyauka na kusagwa hutandazwa sakafuni yabadilike rangi, na hapo ndipo mtu hupata sifa au hufukuzwa. Yakikaa muda mfupi, chai inabaki na ukali wa ubichi. Yakikaa mno, utadhani unakunywa maji ya kuoshea sufuria. Bwana wetu, tuliyemwita Bwana Miwani, alipima muda kwa saa ya mfukoni. Obiero aliinama, akanusa, akasimama, akasema, "Sasa." Siku moja saa na pua zikagombana, wakakausha fungu la saa peke yake na fungu la pua peke yake, wakaonja. Tangu siku hiyo moto haukuwashwa kabla Obiero hajainama.

Mimi ni Celine, mke wa Obonyo, na Obonyo ni mdogo wake Obiero. Niliolewa mwaka mmoja kabla ya nzige, nikapandishwa moja kwa moja kutoka uwanda wa Kano hadi kwenye baridi ya Kericho, mume wangu akiwa mpogoaji wa chai. Wanaoiona Kericho ya leo, chai mpaka macho yachoke, hawawezi kuijua ile. Msitu ulikuwa bado unafika nyuma ya laini zetu za wafanyakazi, na asubuhi mbega walikaa juu ya miti wakitutazama tukiosha uso kwa maji ya kuumiza meno. Wanawake wa Kipsigis walikuja na maziwa kwenye vibuyu, yenye vumbi la mkaa ndani, nami wiki ya kwanza nikadhani wamenitilia uchafu. Jirani yangu Nyanchoka, Mkisii mwenye mdomo usiolala, ndiye aliyenifundisha kuyanywa. Ndiye pia aliyenifundisha kuvaa gunia chini ya shuka. Nikivuta pumzi hata sasa nayasikia majani yale yakinyauka ghorofani mwa kiwanda, harufu kama ya tofaa lililosahauliwa kabatini, na moyo wangu unalegea.

Lakini sikuipenda laini. Niseme wazi, maana hiki ndicho kisa chenyewe: nilitaka lango langu.

Kwetu Wajaluo kijana akioa hukaa kwanza kwenye boma la baba yake, kibanda chake kando ya lango la baba. Akikomaa, baba humtoa alfajiri moja, humwongoza mpaka kiwanja kipya, na hapo hupata dala yake, yaani boma lake mwenyewe lenye lango lake. Mpaka siku hiyo mke hajawa mwenye nyumba, ni mpangaji wa heshima tu. Na watoto wa kiume hutoka kwa zamu. Kifungua mimba akikataa kutoka, wadogo zake wote wanakaa. Hata kupanda mbegu ni hivyo hivyo: mke wa mkubwa atangulie, ndipo mke wa mdogo atie jembe. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo zamu ya kwanza ilikuwa ya Aoko, mke wa Obiero. Na Obiero hakumruhusu Aoko kushuka nyumbani kwa wakati, eti nani atampikia. Miaka miwili mbegu zangu zilikaa chunguni mvua ikinyesha na kuisha. Nilikonda kwa hasira.

Tukimwambia atoke aweke dala, kule chini siku moja tu kwa miguu, alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, mtanashati, kola yake imenyooka hata siku ya kazi.

"Dala ni nini?" alituuliza. "Udongo, mchwa, na wajomba wanaokuja kula. Hapa nina mabati. Nyumbani kwa mtu ni penye chumvi na sabuni."

"Mkataa kwao ni mtumwa," nikamwambia.

"Shemeji, mtumwa anapata chumvi?"

Basi kila mtu akacheka, na mimi nikacheka, maana Obiero alikuwa hivyo, anakukanyaga kidole unamwomba msamaha.

Mwaka wa 1931 Bwana Miwani akaenda Seloni, nchi ya chai ng'ambo ya bahari, alikofanya kazi kabla ya kuja kwetu. Akataka Obiero afuatane naye akajifunze mashine mpya. Habari ilipofika Kano, baba mkwe, Mzee Oyoo, alimwita Obonyo akampa ujumbe: kaka yako aje kwanza nimtoe, mtu havuki maji bila kuacha lango nyuma yake. Obonyo, ambaye hajawahi kupunguza wala kuongeza neno la mtu, aliufikisha kama ulivyo.

"Mwambie baba," Obiero akajibu, "lango halilipi nauli."

Akaondoka. Lori la shamba lilimpeleka stesheni ya Fort Ternan akiwa amekaa juu ya masanduku ya chai, amevaa koti zito katika jua la saa sita, akitupungia mkono kama gavana. Nyanchoka alisimama kando yangu.

"Mama Dorcus," akaniita kwa jina la mwanangu, "huyu shemeji yako akirudi atakuwa mzungu kabisa. Wewe utamsalimia namna gani?"

"Nitamsalimia kwa jembe," nikasema.

Alikaa miezi tisa. Sikumtakia mabaya, Mungu ni shahidi wangu. Kwanza Aoko alishuka kupanda kwa wakati, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe mtama wangu uliota pamoja na wa watu wengine. Ila kila nilipokwenda nilimkuta Mzee Oyoo amepungua. Macho yalikuwa yanafunga utando. Aliuliza swali moja tu, huku akigeuza uso pembeni kwa adabu ya mkwe: "Bado hajarudi?" Akifa huyu, niliwaza, bila kumtoa mtoto wake hata mmoja, atazikwa na aibu, na mimi nitazeekea kando ya lango la marehemu. Nilikuwa nikipanda mlima kurudi Kericho nikilia njiani, nikifika laini nasema ni vumbi.

Obiero akarudi mwezi wa Aprili, mvua zimeshika. Alikuwa mwembamba, ana mwavuli mweusi mkononi, na kwa Aoko ameleta kitambaa chekundu kirefu hata kingezunguka nyumba. Tulikaa tayari kwa majigambo, tena wengine walikuja na viti vyao. Lakini ilibidi kumvuta maneno kama kuvuta ng'ombe aliyezama matopeni. Meli? Alitapika. Chakula? Wali na pilipili, alilia siku tatu, akazoea. Milima? Asubuhi ya kwanza alipofungua mlango aliona chai, ukungu na kiwanda, akadhani wamezunguka tu baharini wakarudishwa Kericho.

"Na wachumaji ni wanawake," akasema. Huko kwetu wakati ule kuchuma ilikuwa kazi ya wanaume na vijana, basi wanaume wakaguna. "Wanachuma kuwashinda nyinyi wote. Mikono yao huioni."

Akaenda kulala mchana, mtu ambaye zamani ungemfukuza kwa fimbo ndipo aache kusimulia. Nyanchoka alikasirika kabisa. "Amenyimwa nini huko? Hata uongo hana!"

Ilikuwa Jumapili ya tatu, tumetoka kusali, tukiwa chumbani kwake: yeye na Aoko, Obonyo na mimi. Mvua ya mawe ikaanza. Ukiwa Kericho unaijua, mabati yanapigwa mpaka huwezi kusikia jina lako. Tukaingoja. Ilipopungua Obiero akaanza kusema, taratibu, bila kumtazama mtu.

"Kule nilifanya kazi na mzee mmoja, anaitwa Karuppan. Mtu wa kunusa, kama mimi. Kiingereza changu kibovu na chake kibovu zaidi, vikashikana mikono kama walevi wawili, tukaelewana. Siku moja nikamuuliza, mzee, nyumbani ni wapi? Akanionyesha chumba chake cha laini. Nikaona hajanisikia. Nikamuuliza, kwa baba yako je? Akaonyesha chumba hicho hicho. Kwa babu? Akasema babu alitoka India, alikuja kufanya kazi miaka mitatu arudi. Nikamuuliza jina la kijiji. Alifikiri sana. Akaniambia alipokuwa mtoto alikuwa akilijua."

Aoko aliacha kuchagua maharagwe.

"Kabla hatujaondoka, mashine ikamla vidole vya mkono wa kulia. Hakufa. Lakini si mtu wa kazi tena, na mwanawe alikuwa ameshafariki, hakuna mwingine nyumbani wa kuandikwa kazi. Chumba kikatakiwa. Nikamkuta barabarani na mkewe, godoro limekunjwa, wamekaa juu yake. Watu wanapita, wanamsalimu kwa heshima. Nikamuuliza, mzee, unakwenda wapi? Akatazama barabara juu. Akatazama barabara chini." Obiero akajifuta uso kwa kiganja. "Na yule mtu alikuwa na pua nzuri kuliko yangu."

Mtu mwema angemhurumia hapo. Mimi nilisimama.

"Kumbe ulihitaji meli!" nikamwambia. "Miaka minne nimekuonyesha jambo hili kwa kidole, hapa, ng'ambo ya jiko. Baba yako amekuita mpaka sauti imekauka. Nawe umekwenda kutapika baharini, ukala pilipili, ili Mhindi asiyetujua akuambie maneno ya Celine!"

Obonyo alinivuta nguo. Nikamwondoa mkono.

"Ni kweli, shemeji," Obiero akasema. "Lakini nikiwa hapa nilikuwa natazama mabati. Kule mabati hayakuwa yangu, basi nikatazama watu." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Obonyo, nimekukalia mlangoni. Wewe hukusema hata siku moja."

Obonyo akajibu, "Wewe ni mkubwa." Halafu akainuka akatoka nje, na mawe yalikuwa bado yanaanguka. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa ikaja shida ya bwana. Majani yalikuwa yamefumka, kiwanda kinafanya kazi mchana kutwa, na Bwana Miwani alikuwa amemwandalia Obiero cheo cha unyapara wa kiwanda na nyumba ya mawe yenye bomba la moshi. Nyamweya, mtu wa mashine ya kusaga, alikuwapo, akatueleza yote. Obiero aliomba siku nne za kwenda kutolewa na baba yake.

"Siku ine hapana," bwana alisema. "Majani iko mingi. Mimi nalipa meli kwa wewe, sasa wewe nataka kwenda nyumbani?"

"Bwana, baba yangu ni mzee."

"Baba ya kila mtu iko mzee. Wewe nakwenda, Nyamweya nashika kazi yako."

Nyamweya aliapa kwamba Obiero aliinama akanusa majani yaliyokuwa sakafuni, akasema, "Bado kidogo, Bwana, hesabu mia mbili ndipo ukaushe." Akavua koti jeupe la kiwanda, akalitundika msumarini, akatoka.

Tuliondoka kabla jua halijachomoza vizuri, wanaume wawili, wanawake wawili na watoto. Nilikuwa nimebeba kikapu kilichofunikwa na sikumwambia mtu kina nini. Ile njia ya kushukia Soin naikumbuka hatua kwa hatua. Kwanza unavua gunia, halafu shuka, kisha unaanza kutoka jasho, na ghafla miti inaachana na uwanda wote wa Kano uko chini yako, bapa, una moshi hapa na pale, na ziwa linang'aa mbali. Obiero alisimama pale mpaka tukampita. Aoko akataka kumwita, nikamwambia amwache.

Mzee Oyoo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na lango. Alisikia nyayo, akainua uso.

"Nani?"

"Ni mimi, baba. Obiero."

Mzee akageuza sikio. Kuku mmoja angepita ungesikia kucha zake, ila kuku hawakuwapo, walikuwa wamefagiwa na ugonjwa.

"Obiero wa wapi?"

Mtu yule wa kola iliyonyooka akapiga magoti mavumbini mbele ya watoto wake.

"Wa hapa, baba," akasema. "Wa hapa."

Mzee akanyoosha mkono, ukapapasa hewani mpaka ukafika kichwani kwake. Hakuuliza habari za Seloni, jioni ile wala baadaye.

Kutoka kwenda dala kunataka baba, mke mwenye kubeba moto, mtoto wa kiume wa kwanza mwenye shoka, na jogoo. Baba yupo, Aoko yupo, kijana wao yupo, shoka lipo. Jioni ndipo wanaume wakakumbuka jogoo. Boma zima halina, majirani nao wamefiwa na kuku. Obiero akakaa chini. Msomi wa Seloni, anayejua mashine zote, amesahau jogoo!

Nikafunua kikapu. Jogoo wangu alikuwa mwekundu, mkia mweusi, nilimlea mwenyewe nyuma ya laini tangu kifaranga, nikimficha asionwe na mwewe wala na Nyanchoka. Nilimlea kwa ajili ya siku ya Obonyo na mimi. Kwa mwaka wa pili sasa nilikuwa nimeapa kwamba hatawika kwenye boma la mtu mwingine.

"Huyo ni wako, mama Dorcus," Obiero akasema. Alijua.

"Mshike kabla sijabadili moyo," nikamwambia. "Na umfunge vizuri, anauma."

Alfajiri Mzee Oyoo aliwatangulia. Alitembea polepole, ameshika bega la mjukuu, na hatukuthubutu kumharakisha. Kwenye kiwanja alipigilia kigingi cha kwanza kwa mkono wake, mapigo mengi madogo. Nyumba ya siku hiyo hujengwa ikaisha siku hiyo hiyo. Nikamwona Obiero amezama katika udongo mpaka viwikoni, anakandika ukuta, anaimba. Sauti yake ilikuwa mbaya sana, na ni raha kuikumbuka.

Tuliporudi Kericho, Nyamweya alikuwa amevaa koti jeupe na hakuweza kututazama. Obiero alipewa kikapu cha kuchuma. Watu walicheka, naam: mtu wa Seloni, na kikapu mgongoni, kwenye mistari pamoja na vijana! Aliwajibu kwamba ameshaonyeshwa na wanawake jinsi ya kuchuma, na baada ya miezi miwili hakuna aliyemfikia. Na kiwandani mambo yakiharibika, Bwana Miwani alimtuma mtu mbio kwenye mistari, Obiero anashusha kikapu, anakwenda, anainama, ananusa, anasema, "Sasa," anarudi kuchuma. Hawakumwongeza hata senti. Nilikasirika kwa niaba yake. Yeye akasema pua ni ya Mungu.

Mzee Oyoo alifariki mtama ukiwa haujakomaa, kabla zamu yetu haijafika. Alizikwa kama baba aliyemtoa mwanawe, na hakuna aliyeinamisha kichwa kwa sababu nyingine isipokuwa kilio. Lakini mimi nililia mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja, Mungu anisamehe, kwa ajili yangu. Maana nani angetutoa sisi? Mzee hakubakiwa na ndugu hata mmoja.

Tulingoja mwaka wa matanga upite. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema kaka mkubwa mwenye dala yake anaweza kusimama mahali pa baba. Yaani kama Obiero asingalitoka siku ile, kusingalikuwa na mtu wa kutushika mkono mpaka leo.

Basi alfajiri moja ya mwaka 1934 nilitembea na chungu cha moto, umande ukinilowesha miguu. Obiero mbele, Obonyo nyuma yake, mimi nyuma ya kijana wetu mdogo aliyekuwa akiburuta shoka. Tulipofika kiwanjani Obiero akapigilia kigingi, kisha akaenda pale ambapo lango lingekuwa akaanza kuchimba shimo la nguzo. Alipofika kina cha kiwiko aliacha. Alikuwa analia, mtu mzima, matone yanaingia shimoni.

"Shemeji," akasema, "nimekuchelewesha miaka sita."

Maneno niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya siku hiyo yalikuwa mengi, mengine ya kuchoma kweli. Niliyatafuta pale yote, sikupata hata moja.

"Chimba," nikamwambia. "Hilo halijafika. Nataka nguzo ikae."

Akachimba mpaka mkono ukazama hadi begani.